Machicha ya Njia Panda

Inspekta Shu Baiquan alikuwa amechuchumaa katikati ya njia panda, vijiti vya kulia mkononi, akiokota machicha ya dawa kipande kimoja kimoja na kuyapanga juu ya karatasi ya gazeti. Kila kipande alikigeuza kwanza, akakitazama pande zote mbili, ndipo akakiweka.

Baiskeli zilimzunguka. Sajini Pang, mtu mzima ambaye tumbo lake lilikuwa limevishinda vifungo viwili vya shati, alisimama mbele yake ametanua mikono kama anayezuia mbuzi.

“Piteni pembeni, ndugu zangu. Pembeni. Inspekta anakula.”

Watu walicheka. Mwanamke mwenye kapu la kabichi mgongoni alipunguza mwendo akachungulia.

“Hayo si machicha ya Mzee Qiu? Yamemwagwa hapa ili tuyakanyage, ugonjwa wake uondoke na miguu yetu. Sasa polisi mnaufunga kwenye karatasi mnaurudisha mjini!”

“Tutaupa kitanda kituoni,” alisema Pang. “Pita, dada.”

Shu hakuinua kichwa. Machicha ya juu yalikuwa bado na unyevu: nyuzi za mizizi ya manjano, vitunda vidogo vyeusi, maganda ya chenza, na chembe nyeupe kama mchanga wa pwani. Alipoyamaliza alikuta tabaka jembamba la vumbi lililoshindiliwa na magurudumu. Chini ya vumbi kulikuwa na machicha mengine. Haya yalikuwa meusi, vipande vinene, na vijiti vilivyochemshwa hadi maganda yakabanduka.

Akasimama, akanyoosha mgongo.

“Mzee Pang, nipe karatasi nyingine.”

“Hiyo bado ina nafasi.”

“Najua. Nipe nyingine.”

Jana jioni Mzee Qiu Dehou, seremala mstaafu aliyeteswa na asidi ya tumbo tangu ujana wake, alikunywa bakuli la dawa mpya iliyobuniwa na mke wa mwanawe. Kabla giza halijaingia vizuri alikuwa hospitali ya wilaya, moyo wake ukipiga ovyo, hawezi kusema. Mkwe huyo, Tao Ruizhen, mwenye duka la mitishamba mtaa wa pili, alilala kituoni. Mkuu wa kituo, Lei, alikwisha kuandaa maelezo yake: dawa isiyothibitishwa, mtengenezaji mzembe, mgonjwa mahututi. Kesho asubuhi gari la wilaya lingekuja kumchukua Ruizhen. Ilibaki sahihi ya Shu tu.

Jambo moja ndilo lililomzuia Shu kutia sahihi. Maelezo ya Lei yalisema kwamba mshukiwa “alificha ushahidi kwa kutupa machicha ya dawa barabarani.” Lei alitoka mji mkubwa. Hapa Luoxi kila mtu humwaga machicha barabarani. Yasingekuwapo njiani, hapo ndipo pangekuwa na la kuuliza.

*

Jiko la familia ya Qiu lilikuwa safi. Matofali ya makaa ya mawe yenye matundu yalikuwa yanawaka kwa moto mdogo wa buluu, na juu yake birika lilikuwa linaanza kuimba. Mama Qiu, mke wa mgonjwa, alivuta kiti kifupi cha mianzi.

“Kaa, Shu mwanangu. Usinisimamie kama nguzo ya umeme.”

Shu akakaa. Pang akabaki mlangoni, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa kidogo.

“Nieleze ya jana, Mama. Taratibu tu.”

“Kuna nini cha kueleza? Ruizhen alileta pakiti ya dawa kutoka dukani, akarudi kwa wateja wake. Nikaichemsha. Mara mbili, nikachanganya maji ya kwanza na ya pili, kama siku zote. Mzee akanywa. Akakunja uso, kama siku zote. Halafu akasema midomo yake imekufa ganzi.”

“Ukafanya nini?”

Mama Qiu alitazama mikono yake.

“Nilicheka.”

Birika likaendelea kuimba.

“Nikamwambia, wewe mzee mwongo, umekwenda tena kwa Gou kula tambi za pilipili ya ganzi. Ruizhen alimkataza pilipili hiyo tangu mwanzo wa majira ya kuchipua, maana akiila tu, usiku asidi inampanda mpaka kooni. Naye huenda kwa kujificha, kisha anarudi midomo imemvimba anajifanya mtakatifu. Kwa hiyo nilicheka. Ruizhen akaingia, naye akacheka. Mzee akasema hata ulimi umekufa ganzi. Tukazidi kucheka. Aliposema vidole vya mikono, ndipo tulipoacha.”

“Alikuwa na hasira?”

“Alikuwa anashangaa. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyepotea njia.”

Shu aliinuka, akaenda kwenye rafu. Sufuria zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, vitako vyake vya kijivu, visafi. Pembeni kulikuwa na chungu cha udongo cha kuchemshia dawa, chenye mdomo mfupi wa kumiminia. Ndani yake kulikuwa bado na unyevu.

“Hiki ndicho kilichotumika?”

“Ndicho. Kwa hali ile, nani angekumbuka kuosha chungu?”

“Ni cha nani?”

“Chetu. Nimeolewa nacho.”

Alikigeuza. Kiganja chake kikatoka cheusi tii. Akatoa leso akafuta. Weusi haukutoka wote, ulikuwa na mafuta kidogo. Akaitazama leso, akaikunja, akaitia mfukoni.

“Naomba nikichukue, Mama.”

“Chukua. Ila usikirudishe, tafadhali. Nitakuja mwenyewe kukichukua.”

“Najua, Mama. Nimezaliwa hapa.”

Walipotoka nje, kuku mmoja alikuwa anakunywa maji kwenye kitako cha chungu kilichovunjika. Udongo wake ulikuwa mwekundu, mpya kabisa. Shu alisimama akamtazama kuku yule kwa muda.

“Unataka kumhoji na yeye?” Pang aliuliza.

“Bado.”

*

Gou muuza tambi alikuwa anakata vitunguu bila kutazama kisu.

“Mzee Qiu alikula hapa jana?” Shu aliuliza.

“Kwanza niambie nani anauliza. Kama ni mkewe, hakuja. Kama ni mkwewe, hakuwahi kuja maishani mwake.”

“Mimi ndiye ninayeuliza.”

Kisu kikasimama. “Alikuja. Alikaa pale kwenye kona yake ya wizi. Nikamtengenezea bakuli lake la kawaida, jekundu. Akalirudisha. Anataka tambi nyeupe, mchuzi wa mifupa, bila pilipili. Nikamwambia, mzee, umeshakufa au unafanya mazoezi?”

“Akasemaje?”

“Akasema mkwe wake anampikia dawa ya saba, na safari hii huenda ikawa yenyewe. Akasema msichana yule amehangaika sana, hataki kumharibia kazi kwa tamaa ya mdomo. Akazila tambi zile kama mtu anayekula pamba.”

“Hukumtilia hata punje moja?”

“Nilimtilia moja, kwa mzaha. Akaitoa kwa kijiti, akaniwekea hapo mezani mbele yangu kama jino lililong'oka.” Gou akaokota kisu chake, lakini hakukata. “Atapona?”

“Sijui, Gou.”

Walitembea mpaka daraja la mawe, Pang akasimama.

“Basi limekwisha,” alisema. “Hakula pilipili. Ganzi imetoka kwenye dawa. Ruizhen wa watu ameponzwa na ujuzi wake.”

“Ganzi imetoka kwenye bakuli.”

“Kuna tofauti?”

“Sijui. Ningependa iwepo au isiwepo, lakini nijue.”

*

Kituoni Shu aliziweka karatasi mbili za gazeti mezani, mbalimbali. Nusu ya kila fungu alikuwa amekwisha kuitenga kwenye bahasha za kupelekwa kwa mfamasia wa hospitali ya wilaya. Kisha akamleta Ruizhen.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kucha zake zimeingia umanjano wa mizizi usiotoka kwa sabuni. Hakukaa.

“Baba anapumua?”

“Anapumua. Bado haongei.”

Akakaa.

“Nataka unisomee hivi,” Shu alisema. “Anza na karatasi hii. Usiniambie unachodhani ninataka kusikia. Niambie unachokiona.”

Vidole vyake vilianza kutenganisha kabla ya macho kutulia.

“Huu ni huanglian, mzizi mchungu. Wangu. Hivi vitunda ni wuzhuyu. Ganda la chenza lililokaa miaka mitatu. Hizi chembe ni kombe za chaza, nimezichoma nikazisaga. Ndizo zinazokata asidi haraka. Hii ndiyo dawa yangu.” Alisogeza mafungu manne. “Wengi huweka huanglian mafungu sita kwa wuzhuyu moja. Lakini tumbo la baba ni la baridi. Huanglian ikizidi, asidi inashuka lakini anaharisha. Nimekuwa nikipunguza na kuongeza, nikipunguza na kuongeza. Hii ilikuwa mara ya saba.”

“Kuna kilichozidi? Kilichopungua?”

Alichukua kitunda kimoja, akakipasua kwa ukucha, akakinusa. Akapasua cha pili. Akapasua cha tatu. Mabega yake yakashuka.

“Nini?” aliuliza Pang.

“Wuzhuyu mbichi ina sumu kidogo. Lazima uiloweshe kwanza kwenye maji ya mzizi mtamu wa urukususu. Dukani nina magudulia mawili, la mbichi na la iliyoloweshwa, yanakaa jirani. Tangu jana najiuliza nilichota lipi. Nimejiona nikichota huku, kisha nikajiona nikichota kule.” Alikisogeza kitunda. “Imeloweshwa. Inanukia utamu.”

“Vizuri. Sasa hii ya pili.”

Aligusa kipande kimoja cheusi, akaurudisha mkono, akafuta vidole kwenye suruali.

“Uliishika kwa vijiti?”

“Kwa vijiti.”

“Afadhali. Hii ni caowu. Mzizi wa mlimani. Ukichemshwa kutwa nzima unakuwa dawa. Ukichemshwa kidogo ni sumu, kijiko kimoja kinatosha kuufanya moyo upige ovyo.” Alimtazama Shu. “Na mdomo unakufa ganzi.”

Pang alijikohoza. “Unayo hiyo dukani?”

“Ninayo. Kwenye droo yenye kufuli.”

“Ufunguo anao nani?”

“Mimi.”

“Mama, hakuna aliyekukimbiza. Ungejibu polepole.”

“Ameniambia niseme ninachokiona.” Ruizhen aliirudia karatasi, safari hii kwa ncha ya penseli ya Shu. “Lakini hii si dawa ya tumbo. Hivi vijiti ni vya mforsadi. Hii tangawizi imetiwa na ganda lake na udongo wake. Mchanganyiko huu ni wa kukandia magoti, haunywewi. Na hii caowu imekatwa kwa panga. Tazama unene huu. Ya kwangu naikata mpaka mwanga unapita.”

“Yaliweza kupikwa pamoja, haya na yako?”

“Wewe ndiye uliyeokota. Yalikuwa yamechanganyika?”

“Yako yalikuwa juu. Haya chini. Katikati vumbi la magurudumu.”

“Basi haya yalimwagwa kwanza.”

“Ndiyo.”

“Na mtu mwingine.”

“Inaelekea hivyo.”

Ruizhen aliyatazama mafungu mawili. “Basi ganzi ya baba ni ya haya, na baba alikunywa yale. Sielewi.”

“Hata mimi.”

“Hata mimi, na mimi ndiye mkubwa kuliko nyote,” alisema Pang. “Sumu haitoki barabarani ikapanda mezani kwa miguu yake.”

Shu alikuwa anazungusha penseli. “Ufunguo wa droo uko wapi sasa?”

Akauvua shingoni, akamkabidhi. Pang alitumwa dukani. Alirudi akasema kufuli halijaguswa, na caowu iliyomo imekatwa nyembamba kama karatasi ya kuvutia sigara. Mkuu Lei, aliyekuwa amepita kusikiliza, alisema mtu anaweza kukata nene leo na nyembamba kesho. Hilo nalo lilikuwa kweli. Shu alikubali, na Lei akaondoka akiwa hana hakika kama ameshinda.

*

Pang alipika chai. Jiko la kituo lilikuwa la matofali ya makaa ya mawe, kama la kila nyumba ya mtaa wa chini tangu serikali ilipozuia kukata kuni. Alimimina vikombe viwili akaliweka birika juu ya meza, karibu kabisa na machicha.

“Liondoe hapo, Mzee Pang.”

Pang aliliinua. Shu akamshika mkono.

“Ngoja. Nionyeshe kitako.”

“Cha birika?”

“Cha birika.”

Kilikuwa cha kijivu, kikavu. Shu alipitisha kidole. Kikatoka na vumbi jepesi kama la chaki. Akaitoa leso yake mfukoni, akaikunjua. Weusi wake ulikuwa mzito, una mafuta, na ulinukia moshi.

“Haya ni masizi ya kuni,” alisema.

“Kwa hiyo?”

“Mama Qiu anapikia makaa. Sufuria zake zote ni kama birika lako. Chungu chake kimekaa kwenye kuni.”

Pang alikunywa chai akifikiri. “Alisema ni chao. Kwa nini atudanganye?”

“Sidhani kama alitudanganya. Nadhani hatukumuuliza yule kuku.”

*

Mama Qiu hakushangaa kuwaona tena.

“Chungu chekundu, Mama. Kile anachonywea kuku. Kilivunjika lini?”

“Jana mchana. Nilikitua chini cha moto, sakafu ina maji, kikapasuka papo hapo. Kipya, hata harufu ya tanuri hakijaitoa.”

“Ukafanyaje? Dawa ilikuwa ya jioni.”

“Nikaenda kuchukua kile cha zamani kwa Bibi Feng, kule juu mwisho wa ngazi. Alikiazima majira ya baridi, ana kifua. Si ndiyo desturi? Chungu cha dawa hakirudishwi, mwenyewe anakwenda kukichukua akikihitaji. Mimi sikukihitaji mpaka jana.”

“Ulikiosha?”

Mama Qiu alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. “Unataka Bibi Feng asinisalimie tena? Yule ni msafi kuliko mimi. Mtu aazime chungu chako, akuoshee, halafu wewe ukioshe tena? Ni kumtukana.”

“Ndani kulikuwa na maji?”

“Kidogo, chini kabisa. Ndivyo tunavyofanya wote. Chungu cha udongo hakiachwi kikavu, kitapasuka. Nikamwagia dawa juu yake, nikaongeza maji, nikakiweka jikoni.”

“Maji yake yalikuwa na rangi gani?”

“Chungu cheusi, mwanangu. Kila maji humo ni meusi.”

Alisema hivyo, kisha mdomo wake ukabaki wazi. Akatafuta kiti kwa mkono bila kutazama. Shu akamsogezea.

“Hatujui bado, Mama. Usikimbilie mbele yangu.”

*

Nyumba ya Bibi Feng ilionekana kwa moshi wake kabla ya paa lake. Magogo yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Pang alifika juu ya ngazi akiwa ameshika mbavu, akayaonyesha magogo kwa furaha.

“Kuni!” alihema. “Kuni, Inspekta! Bibi, hebu sema, magoti yanakusumbua?”

Bibi Feng, mwanamke mkavu mwenye kilemba cha buluu, alimtazama kuanzia viatu mpaka tumbo. Bila kusema neno akachuchumaa hadi chini, akainuka, akachuchumaa tena, akainuka.

“Sasa wewe,” alisema.

Pang hakujaribu.

“Bibi, ulichemsha nini kwenye chungu cha Mama Qiu?” Shu aliuliza.

“Mapeari na majani ya kikohozi. Kikohozi kikaisha.”

“Hukuchemsha caowu?”

“Nina wajukuu humu ndani! Sumu ile siiruhusu hata kupita uani.”

Pang alimgeukia Shu, na furaha yote ikamtoka usoni. Shu mwenyewe alikuwa anatazama chini ya dirisha, mahali ambapo vumbi lilikuwa na duara moja dogo, na mstari kama wa kitu kilichoburutwa kutoka mlangoni.

“Chungu kilikaa pale?”

Bibi Feng alitema mate pembeni. “Wewe una macho ya paka. Ndiyo.”

“Nje? Chungu cha mtu?”

“Hakikuwa kwangu. Mwezi uliopita alikiazima Hua, yule mchimba mizizi wa mlima wa juu. Anaumwa magoti, kutwa yuko kwenye umande. Nikampa. Ningekwenda kukichukua kwake siku moja.” Alishusha sauti. “Jana alfajiri nafungua mlango, nakikuta kizingitini. Amekileta. Mwenyewe.”

“Amekirudisha?” Pang alirudi nyuma hatua moja.

“Kwa mikono yake! Nani anamrudishia mwenzake chungu cha dawa? Ni sawa na kumletea ugonjwa wako mpaka kitandani. Sikukigusa. Sikukiosha, sikukichungulia. Nilikisukuma kwa ufagio mpaka pale chini ya dirisha, nikauchoma na ufagio wenyewe. Mama Qiu alipokuja kukitaka nilishukuru mbingu.”

“Hukumwambia kilivyofika?”

“Nimwambie nini? Chukua chungu chako na nuksi yake? Si chake? Alikuwa na haraka. Akakichukua akaenda.”

Shu alichuchumaa kulitazama duara lile, na Bibi Feng akaanza kuvuta vidole vyake.

“Bibi, ungekiosha kama Hua asingekirudisha?”

“Ningekisugua kwa majivu mpaka king'ae. Mimi si mchafu.”

“Najua si mchafu. Hua ni mwenyeji wa wapi?”

“Hapa hapa. Kazaliwa nyuma ya kinu.”

“Basi anaijua desturi.”

“Anaijua. Ndiyo maana nilichoma ufagio.”

Walikuwa wamekwisha kuanza kushuka aliposema tena, kutoka juu. “Mtamuuliza na habari ya kapu lake? Wiki iliyopita Ruizhen alimkatalia kapu zima la huanglian. Alimwambia mbele za watu kwamba kachimba mizizi michanga kama anayeiba. Hua hakumjibu. Aliondoka tu.”

*

Katikati ya ngazi Pang alikaa kwenye jiwe.

“Haya. Hua alimchukia Ruizhen. Akapika sumu, akamwaga machicha njia panda, akaacha maji yake ndani, akakileta chungu. Limekwisha.”

“Alikileta kwa Bibi Feng. Hakukileta kwa Ruizhen.”

“Alijua mwenye chungu ni Mama Qiu.”

“Na alijuaje kwamba chungu kipya kitavunjika mchana wake?”

Pang alipangusa jasho shingoni.

“Basi alisahau desturi tu. Mtu mwema, akaona arudishe cha watu.”

“Lakini desturi ya machicha hakuisahau. Aliyamwaga pale pale panapopaswa. Mtu anasahauje nusu?”

“Sasa unataka nini, Inspekta? Ni mbaya au si mbaya?”

“Nataka kumsikia. Aniambie alikuwa anakimbilia wapi alfajiri ile hata akaacha chungu kizingitini.”

Ukungu ulikuwa umekwisha kufunika mlima wa juu hadi katikati. Njia ya Hua ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imeanza kunyesha huko. Hakuna ambaye angeipanda kabla ya asubuhi.

“Kesho mlimani,” alinung'unika Pang. “Na haya magoti yangu. Mimi ndiye nitakayehitaji caowu.”

“Usithubutu.”

*

Mkuu Lei alisikiliza kila kitu amesimama. Aliuliza mara mbili kuhusu ufagio. Mwishoni alisema kwamba haelewi jinsi maandishi yake rasmi yatakavyoeleza kwamba mtu hakuosha chungu kwa sababu kilirudishwa.

“Yataeleza polepole,” Shu alisema. “Gari la kesho libebe chungu hiki na bahasha zangu. Hospitali wakwangue masizi ya nje na ukoko wa ndani. Wapigie simu usiku huu, wamtibu mzee kama mtu aliyekunywa caowu. Ruizhen abaki hapa mpaka majibu yaje.”

“Na kama majibu yakisema ndani hamna kitu?”

“Nitakuwa nimekosea, na nitatia sahihi.”

Lei alikwenda kwenye simu.

Shu alipofungua mlango wa chumba cha nyuma, Ruizhen aliinuka kabla hajaitwa.

“Ni dawa yangu?”

“Sijui bado. Lakini gari la kesho halikuchukui wewe.”

Alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba ameambiwa kipimo. Kisha akasema, “Jana alikula pilipili kwa Gou?”

“Alikula tambi nyeupe kabisa. Gou ni shahidi.”

Akakaa tena, akaugeuzia uso ukuta.

Mama Qiu alikuwa anasubiri mapokezi, ameshika chupa ya kutunza joto yenye uji wa mchele wa kumpa Ruizhen. Juu ya meza, kati yake na Shu, kilikaa chungu, mdomo wake umefungwa kwa kitambaa cheupe. Alikitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyemuuma.

“Nipe nikakivunje, mwanangu. Nikivunje leo, mbele ya mlango wangu.”

“Hakivunjwi, Mama. Kina safari.”

“Basi kikirudi kutoka huko, usije ukaniletea.”

“Sikuletei,” Shu alisema. Alikuwa anaandika jina la familia kwenye kipande cha karatasi, akakibandika ubavuni mwa chungu, upande usio na masizi. “Kitakaa hapa kituoni. Utakuja kukichukua mwenyewe, siku utakayokuja kumchukua na mkweo.”

Mama Qiu aliweka chupa ya uji mezani. Akakivuta kitambaa kilichokuwa kimelegea upande mmoja, akakikaza fundo mara mbili.

“Kimefungwa vibaya,” alisema. “Kitamwagika njiani.”